Dereva wa Mji Usio na Ng'ombe

Madamu alijifunza kuendesha gari katika mji ambao hakuna mtu wa Musoma aliyewahi kufika, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo lililowachanganya akili ndugu wa marehemu mume wake, siku walipotoka Suguti kuja Kigera kuchukua pikapu yake. Walidhani wanakuja kwa mjane asiyejua hata mlango wa dereva unafungukia upande gani. Na pikapu ile ndiyo kitu pekee alichotaka kubaki nacho. Nyumba walikuwa wamepanga, shamba lilikuwa la ukoo, na chuo alichokiendesha kilikuwa ukumbi wa kanisa uliogawanywa kwa mapazia.

Kilikuwa chuo cha uhazili. Yeye ndiye mkuu, mwalimu wa kuchapa, mwalimu wa nidhamu na mpiga kengele. Sisi wanafunzi tulimwita Madamu, mchungaji alimwita Madamu, na mume wake naye, mbele za watu, alimwita Madamu. Alikuwa mrefu na mwembamba, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Tulichapa kwenye taipureta za chuma huku mikono yetu imefunikwa vitambaa vya sofa alivyovidarizi mwenyewe, ili tusione herufi. Aliyechungulia alitolewa nje akasimame juani na kufikiri. Akirudi, Madamu alimuuliza amefikiri nini, na jibu lilitakiwa liwe sentensi kamili.

Hakupenda haraka kwa namna yoyote. Mwanafunzi akija mbio kwa sababu amechelewa, alimrudisha getini aje tena akitembea. Chai yake aliisubiri ipoe mpaka ikapata ngozi juu, ndipo anywe. Harusini, watu wakigombania mahali penye pilau, yeye alibaki kitini mpaka masufuria yakwanguliwe, akaletewa ukoko, akashukuru. Nilimfahamu miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi wake na halafu kama msaidizi wake chuoni, na sikumwona akikimbia hata siku mvua iliponyesha juu ya nguo alizoanika.

Kompyuta zililetwa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo. Zilikuwa zile za kichogo, zilizokwisha kutumika huko kwao, na nyingi hazikuwaka. Moja iliyowaka ilikuwa na programu ya kuandikia, na pamoja nayo mchezo wa zamani wa mashindano ya magari. Mimi ndiye niliyeufungua, nikitafuta mahali pa kuandikia barua. Mchezo wenyewe haukukufungia kwenye njia moja uzunguke kama punda wa kinu. Mji mzima ulikuwa wazi: ukitaka kulia unakwenda kulia, ukitaka kurudi ulikotoka unarudi, na kulikuwa na maghorofa, mto, treni iliyopita juu ya barabara, na watu wanaotembea na shughuli zao. Nilikuwa nakata kona kwa kasi gari la polisi likiwa nyuma yangu, niliposikia uzi wa viatu unagusa bega langu.

Darasa zima tulijua nitatolewa juani. Madamu alitazama kioo, akafuta miwani, akatazama tena.

"Huo ni mtaa gani?"

"Sijui, Madamu."

"Hujui mtaa, na unakimbia hivyo? Ukifika utajuaje kwamba umefika?"

Sikuwa na sentensi kamili. Akaniambia nisogee, akakaa yeye, na kuanzia wiki ile ratiba ya chuo ikawa na kipindi kipya kilichoitwa Mafunzo ya Vitendo. Neno mchezo lilipigwa marufuku. Michezo, kwa maelezo yake, ilikuwa inaharibu vijana, ndiyo maana hakuruhusu hata bao chini ya mwembe wa kanisa.

Alichagua basi. Mchezo ulimpa magari ya kila aina, mengine mekundu yasiyo na paa, lakini alisema mtu mzima mwenye heshima haendi mjini peke yake kwenye gari la viti viwili. Mashindano yakianza, washindani wenzake walifyatuka. Madamu alisubiri wapotee na moshi wao. Ndipo akaweka kidole kwenye kishale, akaingia barabarani taratibu, na kila penye taa nyekundu akasimama. Darasa zima lilikaa nyuma yake kimya, tukisubiri taa ya mji tusioujua igeuke kijani. Kulikuwa na daraja lililonyanyuka ili meli zipite, na magari ya mashindano yalikuwa yakiliruka likiwa nusu angani. Madamu alikunja mikono.

"Tuwapishe wa meli," alisema. "Nao wametoka mbali."

Kila mara alikuwa wa mwisho. Kompyuta ikimwandikia kwamba ameshindwa, aliyasoma maandishi kwa sauti, kisha akatugeukia.

"Nimegonga mtu?"

"Hapana, Madamu."

"Nimevunja kitu cha mtu?"

"Hapana, Madamu."

"Basi huyu anayesema nimeshindwa ana mambo yake."

Watu wa mji ule walikuwa na tabia moja. Ukiwakaribia na gari waliruka pembeni, na hata ungewafukuza mpaka ukutani, hawagongeki. Wenzangu walipogundua hilo walifurahi kupita kiasi. Madamu aliumia. "Hawa watu wameteswaga na madereva," alisema, na uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. Alijaribu kuwasalimia kwa honi, honi fupi ya adabu, wakazidi kuruka. Akatunga mtihani: utoke kwenye daraja mpaka kwenye uwanja wa mpira bila kumrusha mtu hata mmoja. Kipindi kizima kiliisha mtu hajafika mtaa wa pili. Aliyefaulu alipewa cheti kilichochapwa vizuri sana, chenye pambizo sawasawa, na mpaka leo nina changu.

Kilichomsumbua zaidi ni ng'ombe. Alizunguka na basi lake mitaa yote, akaingia vichochoro, akapita nyuma ya viwanja, na hakuona ng'ombe, wala zizi, wala hata kinyesi kimoja barabarani kuonyesha kwamba walipita. Alimpa kazi hiyo msichana mmoja kutoka Butiama ambaye baba yake alikuwa na kundi kubwa, kwa kuamini kwamba mtoto wa mfugaji atajua mahali pa kutazama. Msichana alitafuta, akarudi na jibu kwamba hawapo.

"Sasa watu wa huko mahari wanatoaga nini?" Madamu aliuliza.

Aliusimamisha mji, akautazama, halafu akasema labda ndiyo maana wote wanatembea mmoja mmoja.

Kwa kuwa washindani, wakirudi kwa mzunguko wa pili, walimgonga kila siku kutoka nyuma akiwa amesimama kwenye taa, alitutaka tuandike taarifa ya ajali kwa kila tukio. Tulichapa mahali, upande wa gari ulioumia, majina ya mashahidi, na mashahidi tulikuwa sisi. Lilikuwa zoezi zuri la kuchapa, sikatai. Ila msichana mmoja wa Bugwema alikwenda nyumbani mwisho wa wiki, baba yake akamuuliza habari za masomo, naye akasema kweli tupu: wiki ile alikamatwa na polisi kila siku, na Jumatano alitumbukia mtoni na basi la watu. Jumatatu baba alikuwa getini na baiskeli, pamoja na mzee wa kanisa.

"Madamu, mimi nimeleta mtoto ajifunze kuchapa," alisema. "Sasa hizi habari za kukamatwaga na polisi zinatokaga wapi? Na hilo basi, abiria walipona?"

Madamu alimkalisha mbele ya kompyuta. Yule baba alitazama mji, akaguswa mkono na kuonyeshwa kishale, na alipoona basi linamtii, hakuondoka mpaka adhuhuri. Alipokuwa anapanda baiskeli yake alimwambia Madamu kwamba binti abaki, lakini apewe mitaa iliyo mbali na maji.

Mwanamke huyu ambaye tulimwona akikatiza mji wa maghorofa bila jasho, ukimpeleka kwenye barabara ya kweli alikuwa mwingine kabisa. Kuvuka kwenda sokoni ilibidi ashikwe mkono. Kwenye bodaboda alifumba macho na kusali kwa sauti, mpaka madereva wa Kigera wakawa wanamkwepa, kwa sababu abiria anayeomba msamaha wa dhambi zake njia nzima anatisha wateja. Nilimuuliza siku moja iweje. Akaniambia barabara za Musoma hazina utaratibu, na kwamba angekuwa na mahali pa kushika mwenyewe asingeogopa. Wakati ule niliona ni maneno tu. Hakuwa amewahi kushika usukani wa kweli. Mume wake, mchuuzi wa samaki, alikwenda na pikapu mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, alfajiri na kurudi nayo jioni, na ufunguo alilala nao mfukoni.

Mume alipofariki kwa ugonjwa wa siku chache, ndugu walikuja. Matanga yalipoanuliwa kilikaa kikao, na aliyeongea ni kaka mkubwa wa marehemu, mzee mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Madamu alimwita Shemeji mkubwa, na sisi wote tukamwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nagawa chai, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shemeji, hatukufukuzi," alisema. "Ila gari ni la ukoo. Likikaa hapa bila dereva litaota majani. Utaliendesha na nani?"

"Nitaliendesha mwenyewe."

Shemeji mkubwa akaweka kikombe chini.

"Umejifunzia wapi?"

"Mjini."

"Mji gani, Shemeji?"

"Mji mkubwa," Madamu alisema. "Una madaraja, na treni inapita juu ya barabara."

Hakudanganya, na sikujua nicheke au nilie. Nililia kidogo, kwa sababu nilimwona amekishika kikombe kwa mikono yote miwili. Bila gari lile alikuwa anarudi kuwa mtu wa kukalishwa nyumbani kwa wakwe, na chuo kilikuwa kinakufa, maana siku zile kila mtu alishaanza kuchapa kwa kidole kimoja kwenye simu yake. Shemeji mkubwa aliwaza, kisha akasema vizuri, awapeleke Suguti yeye mwenyewe, kesho asubuhi, bila kusaidiwa. Gari likifika zima, ni lake. Likishindwa njiani, linabaki kwa ukoo. Leseni hakuna aliyeiulizia. Lilikuwa jambo la kifamilia.

Asubuhi Madamu alikataa kuondoka bila ramani. Kwenye mchezo ramani ya mji ilikaa kwenye kona ya juu ya kioo, na yeye hakuona ni kwa nini gari la kweli likose. Alichora njia ya Suguti kwenye karatasi ngumu, akaniweka kiti cha kushoto, na kazi yangu ikawa kuinyanyua ile karatasi kwenye kona ya kioo cha mbele, mkono umenyooka, na kumwonyesha kwa kalamu tulipofika. Wazee walipanda nyuma. Kwenye kabini palikuwa na nafasi ya mmoja bado, hawakuitaka.

Pedali ya tatu ilimshangaza, maana kwenye vishale haikuwepo. Fundi jirani alimwelekeza kwa mdomo, dirishani: kanyaga, tia namba moja, achia polepole. Gari liliruka, likazima, likaruka, halafu likaenda. Madamu alipoona linakwenda alijua kazi imekwisha. Gia hakuigusa tena.

Hatujafika mbali, Shemeji mkubwa akagonga paa.

"Shemeji, badilisha gia."

"Hii ina nini?"

"Hiyo ni ya kuondokea."

"Si ndiyo tunaondoka?"

Tulipitwa na baiskeli zote. Tulipitwa na mtu aliyebeba kabati. Wanawake waliotoka mashine ya kusaga walitupita, wakakaa kupumzika, tukawapita, wakatupita tena wakicheka. Injini ilichemka, tukaongeza maji kwenye rejeta, ikachemka tena. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikahamishia ramani mkono mwingine, Madamu akanikumbusha kwamba ramani haihamagi kona. Tulipokutana na kundi la ng'ombe likikata barabara alizima gari kabisa, na uso wake ukachanua. Aliwaangalia mpaka wa mwisho. "Huu sasa ndio mji," alisema.

Na kwa mwendo ule usingeweza kumpita mtu bila kumsalimia, ungeonekana una kiburi. Madamu alianza, halafu wazee wa nyuma nao wakalazimika. Mwanzoni walisalimia kwa aibu, wakificha nyuso. Baadaye nikasikia ile sauti ya kuitia ng'ombe inauliza habari za watu kwa majina yao. Mzee mmoja alitembea ubavuni mwa gari kutoka kijiji hadi kijiji, mkono juu ya bodi, wakimaliza na Shemeji mkubwa maneno ya fahali fulani aliyewagombanisha tangu ujana wao. Walipoagana walikuwa wanacheka.

Jioni tulifika Suguti. Shemeji mkubwa alishuka kwa shida, akanyoosha magoti, akalizunguka gari, akapiga teke tairi moja.

"Gari ni lako, Shemeji," alisema.

Mdogo wake akaanza kulalamika kwamba ule haukuwa uendeshaji.

"Umefika au hujafika?" mzee akamuuliza.

"Nimefika."

"Basi."

Nilidhani Madamu atajifunza gia nyingine. Mafundi walimsihi, hata mchungaji alimsihi. Alijibu kwamba namba moja haijamkosea kitu. Leseni aliipata hatimaye, sijui ilikuwaje, na mkaguzi aliyempima nilimwona baadaye mara kadhaa, hapendi kulizungumza. Samaki hawangeweza kumsubiri, wangeoza njiani, na hakuna mtu aliyekodi pikapu inayopitwa na kabati. Kilichomwokoa ni misiba. Walimkodi siku moja kwa sababu gari jingine liliharibika, na waombolezaji wakaona kwamba kwaya inaweza kutembea kando ya jeneza ikiimba bila kuhema, vumbi halipandi, na marehemu hatikisiki. Sifa zikaenea. Ukifiwa Musoma ukataka mtu wako asindikizwe kwa heshima, unamtafuta Madamu. Chuo kilifungwa kimyakimya, kompyuta ya kichogo ikakataa kuwaka, na yeye akaishi kwa kuendesha watu wasio na haraka. Mimi nilihamia Bunda, nikafungua steshenari.

Mwaka huu alikuja dukani kwangu asubuhi mapema. Alikuwa amezeeka, miwani ile ile. Aliniomba nimchapie ratiba ya mazishi, nikashangaa, kwa sababu Madamu hachapiwi na mtu. Akaweka mikono juu ya kaunta.

"Shemeji mkubwa," alisema. "Amefia hospitali ya hapa. Yuko nje, kwenye gari."

Nikaketi, nikachapa. Nilipofika kwenye safari niliandika kuondoka Bunda kuelekea Suguti.

"Weka kupitia Musoma."

"Madamu, si kuna njia ya kukatiza? Musoma ni kuzunguka siku nzima kwa mwendo wako."

"Ipo. Hakuitaka."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amemuuguza yeye, akaniambia, wiki zote zile, kwa sababu wengine walikuwa wanakuja na kuondoka. "Aliniuliza, Shemeji, unajua kwa nini nilikuachia gari? Nikamwambia ulichoka kukaa kule nyuma. Akasema hapana. Ile barabara ya Musoma kwenda Suguti amekuwaga anaipita kwenye mabasi tangu ujana, haonagi mtu. Siku ile aliwaona watu wake wote, mmoja mmoja. Akaniomba nimpitishe tena, awaage."

Kisha Madamu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mume wake, na sikujua nifanye nini zaidi ya kumpa kitambaa cha kufutia mashine. Nilifunga duka nikaenda nao.

Lami tuliimaliza kwa uvumilivu. Vijana wa ukoo walitufuata na magari yao, wakinung'unika hadi njia panda ya Butiama, halafu wakazima muziki. Jua lilikuwa limeanza kuinama tulipoingia barabara ya Suguti. Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa mama mmoja mzee, ameanika mihogo kwenye jiwe kando ya barabara. Madamu akasimamisha gari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mna msiba?"

Madamu akamtajia jina la mzee. "Yuko hapa nyuma. Anapita, anakusalimia."

Yule mama akajifuta unga mikononi kwa kanga yake, akaja mpaka kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya bodi na kukiacha pale.

"Mwambie nimemwona," alisema.

Madamu akakanyaga, akatia namba moja, akaachia polepole, tukaenda kwa aliyefuata.